Biogesi ya samadi nyumbani: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yametoka kwa wafugaji wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro, wengi wao wakiwa na ng'ombe wawili au watatu wa maziwa bandani na kihamba cha migomba nyuma ya nyumba. Ndiyo maana majibu yanaegemea huko. Aliye Kisii, Mbeya au Rungwe atayatumia bila shida. Aliye pwani atayatumia kwa furaha zaidi, kwa sababu ana joto. Namba zimewekwa ili jibu moja lirejee jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Biogesi ni nini, na humo ndani ya tangi kunatokea nini?

Ni gesi inayotoka samadi au mabaki mengine yanapooza mahali pasipoingia hewa. Samadi ikiachwa juani hukauka, ikajaa inzi, na nguvu yake nyingi ikapotea. Ikifungiwa pamoja na maji ndani ya tangi lisilopitisha hewa, vijidudu visivyohitaji oksijeni huanza kuila kwa kupokezana. Kundi la kwanza huvunjavunja nyuzinyuzi, mafuta na protini. La pili hugeuza vipande hivyo kuwa asidi mbalimbali. La tatu huzipunguza asidi hizo hadi kubaki asidi ya siki, haidrojeni na hewa ukaa. La mwisho ndilo linalotoa methani, ile inayowaka.

Kundi hilo la mwisho linadeka. Hukua polepole, halipendi baridi, na tangi likichachuka linagoma. Matatizo mengi utakayoyasoma huku chini yanaanzia hapo.

Mafundi huwaambia wateja kwamba mtambo ni tumbo la ng'ombe lililochimbiwa ardhini, na si utani. Vijidudu vya aina hiyo hiyo vimo tumboni mwa ng'ombe, ndiyo maana anapocheua hubeua methani. Kwa hiyo samadi mbichi huja na hamira yake. Huna haja ya kununua dawa yoyote ya "kuanzishia".

2. Ni gesi ile ile ya mtungi?

Hapana. Ya mtungi ni propani na butani kutoka kwenye mafuta ghafi na gesi asilia. Biogesi ni methani kati ya asilimia 50 na 70, sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ukaa, pamoja na mvuke wa maji na haidrojeni salfaidi kidogo, ile yenye harufu ya yai viza. Hewa ukaa haiwaki, kwa hiyo ujazo ule ule wa biogesi una nguvu ndogo kuliko gesi ya mtungi. Mita moja ya ujazo ya biogesi inakaribia nusu kilo ya gesi ya mtungi. Tofauti hii ndiyo inayoleta swali la 17 na la 19.

3. Chakula hakitanuka kinyesi?

Hakinuki. Harufu iko kwenye gesi ambayo haijawaka, ikishawaka imekwisha. Ukisikia harufu ya yai viza jikoni wakati jiko limezimwa, gesi inavuja: nenda swali la 22 sasa hivi, mengine utayasoma baadaye.

Mama wakwe ndio huwa wa mwisho kukubali. Dawa yake ni chai: ipikwe mbele yao, wainywe, mazungumzo yaishe.

4. Hiki si kitu kipya cha majaribio?

Alessandro Volta alikusanya gesi ya matope ya ziwa huko Italia mwaka 1776 na kuonyesha kwamba inawaka. India na China zimejenga mitambo ya vijijini kwa mamilioni. Hapa Tanzania, SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilianza miaka ya 1970 na mitambo ya pipa la chuma linaloelea, muundo wa Kihindi. Pipa liliota kutu, na chuma kilikuwa ghali. Miaka ya 1980, CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, kwa msaada wa Wajerumani, ikauchukua muundo wa Kichina wa kuba la chini ya ardhi na kuurekebisha kwa matofali na mafundi wa hapa. Kuanzia 2009 ukaja mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani, nao uliratibiwa na CAMARTEC. Ukimsikia fundi anasema "kuba la Kamateki", anazungumzia muundo huo.

## Je, kwangu itafaa?

5. Ninahitaji ng'ombe wangapi?

Wawili wa maziwa wanaolala na kushinda bandani. Usihesabu ng'ombe, hesabu ndoo za samadi. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa ndani hutoa kilo 15 hivi kwa siku, pengine zaidi akila vizuri. Ng'ombe wa kienyeji anayeshinda malishoni anakuachia ya usiku tu, labda kilo 5. Nyingine ameimwaga njiani. Mfugaji mwenye ng'ombe kumi wa kuchunga anaweza kuwa na samadi pungufu kuliko jirani yake mwenye watatu wa ndani.

Kabla hujaongea na fundi yeyote, pima kwa wiki moja. Ndoo ya lita 20, mizani ya kupimia mahindi, karatasi. Fundi anayekutajia ukubwa wa mtambo bila kuuliza namba hiyo, mshukuru kwa kuja na umsindikize.

6. Nichague ukubwa gani?

Hesabu ni hii. Ng'ombe wawili, kilo 30 kwa siku. Ongeza maji kiasi hicho hicho, lita 30. Jumla lita 60 zinaingia kila siku. Katika joto letu la wastani, tope linatakiwa likae tanginimo siku 50 hivi ili limeng'enywe sawasawa. Lita 60 mara 50 ni lita 3,000, yaani mita 3 za ujazo za tope. Weka na nafasi ya gesi juu yake, unapata mtambo wa mita 4. Huo unakutosha.

Watu wengi hutaka mkubwa "kwa ajili ya baadaye". Nami niliwahi kukubali hivyo nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya ufundi. Mteja alikuwa na ng'ombe watatu akatarajia kufika sita, tukamchimbia mita 13. Januari ikafika, ada za shule zikauza wawili. Tangi la mita 13 likabaki linalishwa na ng'ombe mmoja: tope lilikaa humo miezi na miezi, gesi ikawa ya chai tu, na saruji aliyolipia ilikuwa maradufu ya aliyohitaji. Mtambo mdogo unaoshiba humpa mwenyewe gesi ile ile kwa fedha kidogo. Ng'ombe wakiongezeka kweli, utajenga wa pili kando yake.

7. Huku kwetu maji ni ya kubeba kichwani. Nifanyeje?

Kama chanzo cha maji kiko mbali kiasi kwamba ndoo mbili za ziada kwa siku ni mzigo, fikiri mara mbili. Mitambo mingi niliyoikuta imekufa ilikufa kiangazi, mtu alipoanza kuchagua kati ya maji ya ng'ombe na maji ya mtambo.

Kuna nafuu. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya maji. Sakafu ya banda ikiwa ya zege yenye mteremko kuelekea kwenye sinki la kukorogea, unajileta wenyewe. Maji ya kuoshea ndoo za maziwa yanafaa, ikiwa hayana sabuni kali (swali la 13). Maji ya mvua ya bati ni mazuri. Ipo pia mitambo iliyobuniwa kupokea samadi kavu zaidi kwa maji machache, ila mlango wake wa kuingizia ni mpana na ujenzi wake ni tofauti. Usichukue kuba la kawaida ukalilisha uji mzito, litaziba.

8. Kuba la matofali, pipa au mfuko wa plastiki?

Kuba la matofali au mawe likijengwa vizuri hukaa miaka 20 na zaidi; liko ardhini, halichukui nafasi, halina kitu cha kuota kutu. Ubaya wake ni kwamba kosa la fundi halionekani. Plasta ya ndani ya kuba ikipakwa kwa haraka, gesi itapita kwenye vitundu usivyoweza kuviona kwa macho, na utaambiwa samadi yako ndiyo mbaya.

Mfuko huletwa umekunjwa na kufungwa ndani ya siku moja au mbili. Ni rahisi kuhamisha, na pwani unafanya vizuri kwa sababu jua linaupasha. Lakini mbuzi anaupanda, mtoto anauchoma kwa kijiti, na jua lile lile linauzeesha. Anayeuchukua aweke uzio siku ile ile, asingoje.

Pipa la chuma linaloelea sijengi tena.

9. Nichimbe wapi?

Karibu na banda kuliko jikoni. Gesi inasafiri kwenye bomba bila kulalamika. Samadi inasafiri mgongoni mwako. Kaa mbali na kisima, mita 10 angalau, na mbali na miti yenye mizizi mikubwa: mkuyu na mparachichi hupasua ukuta wakitafuta maji. Usichimbe mahali maji ya ardhini yako juu, maana tangi tupu linaweza kusukumwa juu kama mtumbwi. Na lipate jua.

10. Huku juu kuna baridi. Itafanya kazi?

Itafanya, kwa uvivu. Vijidudu hivi hupenda nyuzi 35 za Selsiasi. Chini ya 20 kazi inapungua sana, na ikikaribia 10 ni kama wamelala. Julai ya Rombo juu au Njombe utaiona kwenye jiko: gesi iliyopika milo mitatu itapika miwili. Kwa maeneo hayo tunaweka siku 60 au zaidi katika hesabu ya swali la 6, tunafukia kuba kwa udongo wa kutosha, na wengine hujenga shimo la mboji juu yake, kwa kuwa mboji ikioza hutoa joto. Maji ya kukorogea yakiachwa juani mpaka saa nane mchana yanasaidia kuliko watu wanavyodhani.

11. Gharama yake ikoje?

Bei ya saruji hubadilika, kwa hiyo sitaji shilingi. Kinachokula fedha ni saruji, matofali, mabomba, jiko na ufundi. Kuchimba shimo, kubeba mchanga na kokoto unaweza kufanya na familia yako, na hapo ndipo penye akiba ya kweli. Usifanye akiba kwenye saruji ya kuba, kwenye vali kuu, wala kwenye siku za kumwagilia zege. Mkataba uandikwe, na malipo ya mwisho yasubiri hadi gesi iwake.

## Kulisha

12. Siku ya kwanza najazaje, na mbona gesi ya kwanza haiwaki?

Anza kukusanya samadi wiki kadhaa kabla ujenzi haujaisha, ukiifunika kwa majani ya migomba isikauke. Ichanganye na maji, ujaze hadi alama aliyokuonyesha fundi. Ukipata ndoo chache za tope kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi, ongeza. Utaokoa siku kadhaa.

Subiri wiki mbili hadi nne, kwenye baridi zaidi. Gesi ya kwanza huwa hewa ukaa nyingi iliyochanganyika na hewa iliyokuwa tanginimo. Iachie nje, mbali na moto wowote, kisha usubiri ijae tena. Usiijaribu kwa kiberiti kwenye mdomo wa bomba linalotoka tangini. Jaribu jikoni, kwenye jiko, baada ya kuachia mara moja au mbili. Watu wengi hukata tamaa wiki hii. Vumilia.

Kulisha kila siku kuanze gesi ikishawaka, na kwa nusu ya kipimo katika wiki ya kwanza.

13. Kila siku nifanye nini, na nini kisiingie?

Asubuhi, ukishakamua. Samadi ya usiku unaikomba kwa chepe hadi kwenye sinki, plagi ikiwa imezibwa. Mimina maji, koroga. Hapa ndipo mkono unapojua zaidi ya mashine: ingiza vidole, utahisi mabua, kamba ya marobota, jiwe, wakati mwingine kifuniko cha soda. Vitoe. Endelea hadi mchanganyiko uwe kama uji wa kunywa, usio na mabonge. Acha utulie dakika tatu hivi, mchanga ushuke chini ya sinki, ndipo uvute plagi. Usikimbilie kuusukuma wote; kibaba cha mwisho chenye mchanga kimwage shambani. Mchanga ukiingia hautoki, na baada ya miaka utakuwa umekula nafasi ya tope. Mabua nayo huelea na kutengeneza ganda gumu linaloizuia gesi isipande.

Kulisha mara moja kwa siku, kipimo kile kile. Kukosa siku mbili si neno. Kukosa wiki halafu kuja kutupia ndoo kumi kwa pamoja ni kulivimbisha tumbo: asidi inaongezeka kuliko wale wa methani wanavyoweza kuila.

Visiingie kabisa: sabuni ya unga, klorini, dawa za kuulia vijidudu, dawa ya kuogeshea mifugo, mrututu, na mafuta ya injini. Ng'ombe aliyechomwa antibiotiki, samadi yake iende kwenye mboji hadi dozi iishe na siku kadhaa zipite. Dawa ile haichagui kijidudu kibaya na kizuri.

14. Naweza kuweka mabaki ya jikoni, kinyesi cha kuku au cha nguruwe?

Cha nguruwe ni kizuri, hutoa gesi nyingi kuliko cha ng'ombe kwa kilo. Cha kuku pia, lakini kina naitrojeni nyingi inayogeuka amonia na kuwasumbua vijidudu, tena huja na mchanga na maranda. Kichanganye na cha ng'ombe, kisizidi sehemu moja kwa tatu au nne. Mabaki ya chakula, maganda ya ndizi mbivu na pumba zilizochacha hutoa gesi nyingi sana, ila ni hatari: huoza upesi na kuchachusha tangi. Katakata, weka kiasi, ongeza pole pole. Maganda makavu ya kahawa, mabua ya mahindi na majani ya migomba usiweke; nyuzi zake ngumu kama mti hazimeng'enyeki humo.

15. Choo kinaweza kuunganishwa?

Kitaalamu ndiyo, na gesi yake ni ile ile. Gesi ya watu wa nyumba moja peke yake ni kidogo sana, kwa hiyo faida hasa ni kuondokana na shimo la choo. Masharti mawili: choo kisimwagiwe dawa za kuoshea, na tope lake litumike kwa tahadhari ya swali la 21. Kabla ya bomba kuunganishwa, kaeni kikao cha familia. Nimeona choo kilichounganishwa na mume, na jiko ambalo mke hakuligusa tena.

16. Sisi ni Waislamu, na jirani anataka tushirikiane mtambo wa nguruwe. Gesi yake inafaa?

Ninachoweza kusema ni cha kifundi: kinachofika jikoni ni gesi tu, na methani ya nguruwe haina tofauti na ya ng'ombe. Lakini tope linalobaki, ndoo na sinki mtakavyogusana navyo ni samadi yenyewe. Hukumu yake muulize shehe wako kabla ya kuchanga fedha.

## Jikoni

17. Nitapika saa ngapi?

Kilo moja ya samadi ya ng'ombe hutoa lita 35 hadi 40 za gesi. Jiko la kawaida la nyumbani hula lita 350 hadi 400 kwa saa. Kwa hiyo kilo 10 za samadi ni saa moja ya jiko moja, na ng'ombe wawili wa swali la 5 ni saa tatu. Chai ya asubuhi, ugali na mboga mchana, wali jioni: gesi inatosha. Maharage na kiburu (ndizi na maharage) ndivyo vinavyoharibu hesabu. Loweka maharage usiku kucha, au yachemshe kwa gesi kisha uyamalizie kwenye kapu lenye blanketi. Makande ya msiba yatabaki ya kuni, tusidanganyane.

18. Moto wangu ni wa njano na sufuria zinakuwa nyeusi.

Hewa haitoshi. Moto mzuri ni wa bluu, karibu hauonekani mchana. Chini ya jiko, karibu na pua ya gesi, kuna kitundu cha hewa chenye kifuniko cha kuzungusha: kifungue kidogo kidogo. Moto ukirukaruka na kujizima, umefungua mno. Moto ukipwaya na kudunda kama moyo, kuna maji kwenye bomba. Biogesi huja na mvuke, nao hugeuka maji ukipoa. Fungua koki iliyo sehemu ya chini kabisa ya bomba, maji yamwagike, kisha uifunge. Fanya hivyo kila wiki. Kama bomba lako halina koki hiyo, muite aliyejenga.

19. Naweza kutumia jiko langu la gesi ya mtungi, au kujaza biogesi kwenye mtungi?

Jiko ndiyo, likirekebishwa: tundu la pua lipanuliwe, kwa kuwa biogesi ina nguvu ndogo na huja kwa msukumo mdogo. Fundi aifanye, si msumari.

Mtungi hapana. Propani na butani hugeuka kimiminika zikikandamizwa kidogo tu, ndiyo maana mtungi mdogo hubeba mlo wa mwezi. Methani haiwezi kuwa kimiminika juu ya nyuzi 82 chini ya sifuri, hata uikandamize vipi. Kuijaza kunahitaji kuisafisha kwanza, kisha kompresa na mitungi mizito ya msukumo mkubwa. Kazi ya kiwanda. Anayekuuzia pampu ya baiskeli iliyobadilishwa kwa ajili hiyo anakuuzia bomu.

20. Taa na jenereta je?

Taa ya biogesi hula lita 100 hadi 150 kwa saa na mwanga wake si wa kujivunia. Siku hizi paneli ndogo ya sola inaishinda kwa bei na kwa mwanga. Jenereta ya petroli inaweza kuendeshwa kwa biogesi, lakini mita nzima ya ujazo itakupa yuniti moja na nusu hivi za umeme, na haidrojeni salfaidi itakula chuma cha injini usipoichuja kwa vumbi la chuma. Kwa ng'ombe wawili, gesi ipike tu.

## Tope linalotoka

21. Tope lile ni uchafu au mbolea? Naweza kulimwaga kwenye mchicha?

Wafugaji waliozoea husema gesi ni ya bure, walijenga kwa ajili ya tope. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu vilivyoingia vinatoka karibu vyote. Kilichoondoka ni kaboni iliyokwenda jikoni. Tena naitrojeni nyingi imegeuka amonia, ambayo mmea huinyonya upesi. Kwa sababu hiyo hiyo jua huipeperusha. Usilianike. Lipeleke likiwa bichi kwenye mifereji kati ya migomba, kahawa au mabingobingo, ulifukie kwa udongo, au limwage kwenye shimo la mboji lenye kivuli likiwa tabaka kwa tabaka na majani makavu. Mashimo mawili ni bora: moja linajaa, jingine linaiva.

Kuhusu mchicha: tangi la joto la kawaida hupunguza vijidudu vya magonjwa, haliviui vyote, na mayai ya minyoo ni sugu. Mboga za kupikwa, mwaga shinani, si juu ya majani, na acha wiki chache kabla ya kuvuna. Nyanya, karoti na kabichi za kachumbari, tumia mboji iliyoiva. Kama choo kimeunganishwa, tope liende kwenye miti na majani ya mifugo, basi.

## Hitilafu na hatari

22. Nasikia harufu ya gesi. Nifanyeje?

Funga vali kuu iliyo juu ya tangi. Fungua milango na madirisha. Usiwashe wala kuzima swichi ya umeme, usiwashe kiberiti. Toka nje. Harufu ikiisha, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kuanzia jiko hadi kwenye kuba, vali ikiwa imefunguliwa. Povu linalopuliza vipovu linakuonyesha mahali. Mpira unaoingia kwenye jiko ndio mwizi wa kwanza, ubadilishe ukianza kupasukapasuka.

23. Gesi imepungua ghafla. Nianzie wapi?

Kipimo cha maji cha umbo la U, kile kinachoonyesha msukumo wa gesi, kinajibu nusu ya swali. Funga vali kuu jioni ukisoma kipimo cha upande wa jiko. Asubuhi kikiwa kimeshuka, mvujo uko kwenye bomba. Kikiwa palepale, tatizo liko tangini au kwenye chakula chake.

Kisha jiulize: ng'ombe amechomwa sindano gani? Nani ameosha banda kwa dawa? Kuna baridi? Maji yamezidi? Tope linalotoka likiwa na harufu kali ya uchachu na povu jingi, umelilisha kupita kiasi. Acha kulisha siku tano hadi saba, halafu rudi kwa nusu kipimo. Watu hukimbilia chokaa. Mara nyingi njaa inatosha. Kama hakuna lolote kati ya haya na mtambo ni mpya, plasta ya kuba inatiliwa shaka, na hilo ni la aliyejenga.

24. Tangi linaweza kulipuka?

Ndani hamna oksijeni, kwa hiyo lenyewe halilipuki. Gesi ikizidi husukuma tope litoke kwenye chumba cha nje cha kutolea. Hatari iko pale gesi inapochanganyika na hewa mahali palipofungwa: methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 hewani, cheche moja inatosha. Jiko liwe mahali penye tundu la hewa juu, kwa sababu methani ni nyepesi na hupanda darini.

25. Naweza kuingia ndani kusafisha?

Usiingie. Hata kama limekaa miezi, hata kama limefunguliwa tangu asubuhi, hata kwa dakika moja kuokota ndoo. Hamna oksijeni mle, na haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huua pua kwanza: unaacha kuisikia harufu, unadhani imekwisha, unaanguka. Anayefuata kukuokoa naye huanguka. Mtoto akiuliza kwa nini, mwambie hivi hivi bila kupunguza. Kazi hiyo ni ya mafundi wenye kipuliza hewa, kamba kiunoni na watu juu. Mifuniko ya zege ya chumba cha kutolea ikae mahali pake muda wote. Mtoto mdogo na lile tope ni jambo la sekunde.

## Maswali ya nadra

26. Mtambo wa marehemu baba haujalishwa miaka mitatu. Unafufuka?

Mara nyingi ndiyo. Tope likiwa bado laini, anza kulisha kwa nusu kipimo na ndoo za tope la jirani. Likiwa limeganda, lazima litolewe (swali la 25 kwanza). Mabomba ya chuma na mpira badilisha bila kujadiliana, kisha tangi lijaribiwe kwa maji na msukumo kabla ya samadi.

27. Taasisi kubwa nazo zinaweza?

Zinaweza, na mifano ipo karibu. Rwanda, KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, ilijenga mitambo ya vinyesi vya wafungwa magerezani kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni, jikoni kukapungua kuni na maji machafu yakaacha kumwagika mtaani. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden ya nishati endelevu mwaka 2005. Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa mabaki ya mkonge wa kuzalisha umeme, na hapo mali ghafi haikosekani: asilimia 4 hivi tu ya jani la mkonge ndiyo huwa nyuzi, iliyobaki ilikuwa inatupwa. Shule ya bweni au machinjio yatahitaji mhandisi, vipimo vya mabaki na mtu aliyeajiriwa kulisha. Mtu huyo asipokuwepo kwenye bajeti, msijenge.

28. Tunasafiri wiki tatu Krismasi. Gesi nimuachie nani?

Jirani apike kwako, au akuwashie jiko kila siku. Usiiachie hewani: methani ikibaki ilivyo hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kama hayupo wa kupika, acha kulisha siku chache kabla ya kuondoka, na mtambo utakusubiri. Ng'ombe ndiye usiyeweza kumwambia asubiri, kwa hiyo yule anayekuja kumlisha, kama atapika pia, mwonyeshe na sinki.